Magadi, Tope na Heroe: Historia ya Maziwa ya Chumvi ya Bonde la Ufa



Nyumba nyingi za Waswahili hapa Muscat zina kikopo cha magadi jikoni. Anayekwenda Unguja, Mombasa au Tanga huagizwa, na akirudi hugawa vipande kwa majirani. Ukipika maharage makavu, au kunde zilizokaa sana dukani, unatia kidogo tu, ncha ya kijiko, na chungu kinaiva upesi. Ukizidisha, maharage yanakuwa uji na yanatoa ladha ya sabuni. Mama zetu walilijua jambo hili bila ya kusomea kemia. Makala haya yanahusu jambo hilo hilo, ila chungu chake ni ziwa, na kinachoivishwa ni tope.

Kwanza tutazame kinachotokea chunguni. Nyama ya haragwe imeshikwa pamoja na madini ya kalsiamu, mfano wa udongo unavyoshika mawe ya ukuta. Magadi ni chumvi ya sodiamu. Sodiamu inaingia, kalsiamu inatoka, na ukuta unalegea. Sisi wahandisi wa maji tunaitumia kanuni ya kubadilishana namna hii kila siku: mashine ya kulainisha maji magumu ikishachoka, tunaiosha kwa maji ya chumvi kali, na chumvi inayafukuza madini yaliyoganda ndani yake. Msomaji akiliweka hili akilini, yaliyobaki yatakuwa mepesi.

Sasa twende barani. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi kaskazini ya Tanzania, kuna mfululizo wa maziwa yasiyokuwa na njia ya kutokea. Mito inaingia, jua linayachukua maji, chumvi inabaki. Udongo wa huko umetokana na volkano na una sodiamu nyingi, kwa hiyo chumvi inayojikusanya aghalabu si ya mezani bali ni magadi. Bogoria, Nakuru, Elmenteita, Magadi na Natron ni katika maziwa hayo. Ziwa Magadi limebeba jina lile lile la kikopo cha jikoni.

Watu wa kwanza kutoka pwani kuyapitia mara kwa mara walikuwa watu wa misafara. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka Pangani na Mombasa, ikakatiza nchi ya Wamasai mpaka Baringo. Wazungu walipokuja baadaye walifuata njia hizo na wapagazi hao hao. Gustav Fischer alipita mwaka 1883 akitokea Pangani, na Joseph Thomson akapita mwaka huo huo akitokea Mombasa. Mfanyabiashara mmoja wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliijua njia hii kuliko wengi. Alisafiri na Thomson, kisha akawa kiongozi wa njia katika msafara wa Count Teleki na von Höhnel, uliofika Ziwa Turkana mwezi wa Machi 1888. Watu walikuwa wamekauka kwa kiu. Walilikimbilia ziwa, wakateka maji, wakaonja, nyuso zikaanguka: maji ya chumvi. Kwa mtu wa msafara hesabu ilikuwa fupi. Ziwa ama linanyweka au halinyweki, na lisilonyweka halina faida.

Kizazi kilichofuata kilikuja na hesabu nyengine. Reli ya Uganda ilikuwa imekwishapita, na Waingereza waliona kwamba magadi ni mali: yanatengeneza kioo na sabuni. Wamasai walikuwa wamehamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Mwaka 1911 ikaundwa kampuni ya Magadi Soda, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza hadi ukingoni mwa ziwa. Kampuni ilipita mikononi mwa Brunner Mond na ICI, na katika miaka ya 2000 ikaingia chini ya Tata Chemicals ya India. Kwa watu hawa ziwa lilikuwa ni bohari. Chumvi ilikuwa bidhaa, na tope la chini yake lilikuwa uchafu wa kuoshwa.

Hesabu ya tatu ilianza kwa swali la mtu aliyetazama ndege. Mwaka 1929 mwanasayansi wa Kiingereza, Bibi Penelope Jenkin, alikuja Kenya kuyachunguza maziwa ya Bonde la Ufa. Alikuta maji ya kijani yaliyojaa vijimwani vidogo mno, na juu yake heroe. Baadaye, mwaka 1957, alieleza kwa kina namna ndege huyu anavyokula: anapindua kichwa chini juu, ulimi unafanya kazi ya pampu, na kingo za mdomo zina vinyweleo vinavyochuja. Mhandisi akisoma maelezo hayo humvulia kofia Muumba, maana pampu na chujio vimekaa ndani ya mdomo mmoja.

Chakula kikuu cha heroe mdogo ni kijimwani kilichojisokota kama springi, na ndicho kilichotoa jina la spirulina, zile tembe za kijani zinazouzwa madukani leo kama chakula cha afya. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kijerumani, Ekkehard Vareschi, alikaa Nakuru akapiga hesabu. Alikadiria kwamba heroe mmoja mzima hula takriban gramu 70 za kijimwani hicho kwa siku, zikipimwa zikiwa kavu. Katika miaka mizuri heroe wa Nakuru walikaribia milioni moja, na mara nyengine hata kuzidi. Zidisha, ndugu msomaji: ni kiasi cha tani 70 za chakula kikavu, kila siku ya Mungu, kutoka kwenye ziwa ambalo kwa kawaida yake lilikuwa na kilomita za mraba 40 hivi na kina cha mita chache tu.

Shamba lolote linalotoa mavuno kama hayo linataka mbolea, yaani naitrojeni na fosforasi. Mito inayoingia Nakuru, kama Njoro, Makalia na Nderit, ni midogo, na baadhi yake hukauka kiangazi. Kinyesi cha ndege hurudisha sehemu ya walichokula. Lakini mbolea hufa na kuzama pamoja na mwani, na ziwa lingekuwa limekwishafilisika zamani kama kilichozama kisingerudi juu. Kwa hiyo swali likawa: nani analifungua tope?

Jibu la kwanza lilitoka mbali na jua la Afrika. Mwaka 1941 na 1942 Clifford Mortimer alichapisha uchunguzi wake wa maziwa ya kaskazini ya Uingereza. Alionyesha kwamba fosforasi ndani ya tope hushikwa na chuma kilichoshika kutu. Maadamu uso wa tope unapata oksijeni, kutu inakaa na fosforasi inabaki kifungoni. Oksijeni ikiisha, kutu inayeyuka na mfungwa anatoka. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa ndilo somo tulilofundishwa: funguo ya tope ni oksijeni.

Lakini maziwa ya Mortimer yalikuwa ya maji baridi. Mwaka 1989 wanasayansi watatu wa Marekani, Nina Caraco, Jonathan Cole na Gene Likens, waliandika katika jarida la Nature kwamba chumvi nayo ina funguo yake. Maji ya chumvi aghalabu yana salfeti nyingi. Bakteria wa topeni, wakikosa oksijeni, hutumia salfeti na kutoa salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Salfaidi inakishika chuma kwa nguvu, tope linakuwa jeusi, na chuma kilichoshikwa hakina tena mkono wa kuishika fosforasi. Ndiyo maana tope la maji baridi huibana mbolea, na la maji ya chumvi huiachia.

Katika maziwa ya magadi kuna zaidi ya hilo, na hapa ndipo chungu cha maharage kinaporudi. Magadi hufanya kazi tatu topeni. Kazi ya kwanza: maji yake ni makali kama ya sabuni, kipimo chake cha pH kule Nakuru hufika 10 na kupita, na ukali huo unainyang'anya fosforasi nafasi yake juu ya kutu. Ya pili: kaboneti iliyomo kwenye magadi inaikamata kalsiamu na kuigandisha kuwa chokaa, kama ukoko ndani ya birika, kwa hiyo kalsiamu, ambayo mahali pengine ingeifunga fosforasi, haipatikani. Ya tatu: sodiamu inaingia kwenye udongo wa mfinyanzi na kuisukuma nje amonia iliyoshikwa humo, sawasawa na ile mashine yetu ya kulainisha maji. Fosforasi inapanda, naitrojeni inapanda, upepo wa mchana unalikoroga ziwa lenye kina kifupi, na kijani kinaota.

Ukitazama hivyo utaona kwamba mtu wa msafara na mtu wa kampuni wote walikosea kwa namna moja. Walidhani chumvi ndiyo iliyoliua ziwa, kumbe ndiyo iliyokuwa ikilipikia.

Hata hivyo mpishi huyu ana kipimo. Amonia ndani ya maji makali inageuka kuwa ile gesi inayochoma pua, na gesi hiyo ni sumu kwa samaki. Katika chemchemi za Ziwa Magadi yupo perege mdogo aliyejaaliwa njia ya kuishi humo: badala ya kutoa amonia kama samaki wengine, yeye anatoa urea, kama sisi wanaadamu. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 perege huyo alipelekwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Akazaana, mwari wakaja kumla, wakawa wanabeba samaki hadi Elmenteita walikoweka vifaranga. Hivyo sehemu ya mbolea ya Nakuru ikaanza kuhama kwa mabawa, jambo ambalo waliomleta perege hawakulitia katika hesabu.

Kisha likaja somo la 1974. Miaka miwili kabla yake Vareschi alikuwa amelikuta ziwa limejaa spirulina. Mwaka huo maji yakipungua na chumvi ikipanda, spirulina iliporomoka, na mahali pake pakashikwa na vijimwani vidogo mno vinavyopenya kwenye chujio la heroe. Mbolea ilikuwepo na ziwa lilikuwa bado na kijani, lakini chakula hakikamatiki. Ndege wakaondoka kwa maelfu. Chumvi haikuwa sababu peke yake, lakini wakati ule ilionekana wazi kwamba magadi yakizidi, chungu kinaharibika.

Na hata mwili wa ndege una mpaka wake. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo wa Kenya na mpenzi wa ndege, aliona kutoka angani kwamba heroe wanataga katikati ya Ziwa Natron. Akajaribu kuwafuata kwa miguu juu ya ganda la magadi. Tope lilimmeza magotini, magadi yakamchoma miguu, na akaishia hospitali. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walikwenda kutaga Ziwa Magadi. Huko magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, na watu wakaingia ziwani kuzivunja, kifaranga baada ya kifaranga, wakaokoa maelfu.

Somo la kinyume chake ndilo linaloendelea hivi sasa. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda kwa namna iliyowashangaza wazee. Baringo limemeza nyumba na hoteli. Nakuru limelifunika lango kuu la hifadhi na ofisi zake. Mvua imezidi, na wengine wanataja pia misitu iliyokatwa juu ya milima. Mtu wa msafara angelifurahi: maji yanaelekea kunyweka! Lakini heroe hawakufurahi. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha uchunguzi wa maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, uliotumia picha za setelaiti za kuanzia 1999 hadi 2022. Waligundua kwamba kila maji yanapopanda, kijani kinapungua. Kule Nakuru eneo la maji liliongezeka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, na kipimo cha kijani kikashuka kwa nusu.

Sababu za hili si moja. Maji mengi yanaipunguza nguvu mbolea iliyomo, kama mchuzi uliotiwa maji. Magadi yakipungua, mwani mwengine usiopenda ukali unapata nafasi, na spirulina inashindwa. Tena maji mepesi ya mvua hukaa juu ya maji mazito ya chumvi bila ya kuchanganyika, kama mafuta juu ya supu. Mbolea inayotoka topeni inabaki chini gizani, na mwani ulio juu juani haupati kitu. Siku upepo mkubwa ukiyachanganya, kinachopanda si mbolea tu bali na salfaidi na maji yasiyo na oksijeni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kati ya 2006 na 2008 serikali ya Tanzania, kwa njia ya Shirika la Maendeleo la Taifa pamoja na Tata Chemicals, ilikuwa na mpango wa kujenga kiwanda Ziwa Natron cha kutoa tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa katika ziwa hilo. Hapa Muscat tulibishana sana barazani. Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa kiwanda. Nilisema: magadi yanajizalisha, volkano ya Ol Doinyo Lengai ipo pale pale, nchi ina njaa ya ajira, na ndege wana mabawa, wataruka waende kwengine. Mzee mmoja, marehemu sasa, aliyekulia Pangani, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umepima maji. Tope umelipima?" Sikuwa na jibu, nikacheka.

Kampuni ilijitoa mwaka 2008, na serikali baadaye ikaelekeza macho yake Engaruka, ambako magadi yamo chini ya ardhi. Tangu hapo nimesoma zaidi, na kicheko changu kimenirudi. Magadi kweli yanajizalisha. Kinachoweza kupotea ni kipimo. Heroe wa Natron hujenga viota vya tope katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi hawezi kuvuka. Maji yakizidi kidogo viota vinazama. Yakipungua kidogo adui anapata njia. Na mwani wao unategemea kiasi cha chumvi kinachofungua tope bila ya kuliunguza. Anayechota chumvi upande mmoja na kuchukua maji baridi ya mito na chemchemi upande wa pili anaushika mkono wa mpishi, hata kama kwenye daftari lake ameandika kwamba anachukua mzigo tu. Na hoja yangu ya mabawa ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Mabawa yanafaa pale ambapo Nakuru likiharibika Bogoria liko zima. Siku maziwa yote yakipanda pamoja, kama tunavyoyaona sasa, heroe ataruka aende wapi?

Sisemi kwamba watu wa kule wasipate kazi. Mkaazi wa Longido au wa Kajiado ana haki ya mkate kama mimi ninayekaa Seeb. Ninachosema ni kwamba sisi tuliosomea maji tulifundishwa kupima kinachopita kwenye bomba, na tukayaita mashapo kuwa ni kero ya kuzibuliwa. Msafara ulipima kiu na kampuni ikapima tani. Karibu karne nzima ya uchunguzi, tangu safari ya Bibi Jenkin hadi picha za setelaiti, imetufundisha kwamba hesabu ya ziwa la nchi kavu inaanzia chini.

Hata hapa tulipo somo hili linatugusa. Visima vya Batina vinaingiwa na maji ya bahari kwa sababu tumevuta kuliko mvua inavyorudisha, na wakulima wanaona udongo wao ukibadilika: sodiamu inaingia, kalsiamu inatoka, ardhi inashikana na kukataa maji. Ni kanuni ile ile ya chungu. Na msimu wa baridi, kwenye mabwawa ya maji yaliyosafishwa ya Al Ansab, utawaona heroe, wengi wao wale wakubwa, wamepindua vichwa vyao wakichuja. Wakati mwengine husimama pale na kikombe cha chai, nikawatazama wanavyolikanyaga tope kwa miguu kabla ya kula, wakilikoroga. Wao wanaanzia chini.

Mzee wangu wa Pangani hakusomea kemia. Alikuwa ameona mama yake akipika maharage, na alijua kwamba anayetia magadi kwanza hutazama kilichomo chunguni.